Pete Iliyobadilika: Historia ya Ishara ya Ufisadi katika Bunilizi za J.R.R. Tolkien

Katika uhakiki wa bunilizi za ajabu kumezuka mazoea ya kukitendea chombo cha uchawi kana kwamba ni kitendawili chenye jawabu moja. Mhakiki huuliza chombo hicho kinawakilisha nini, akapata neno moja la kukifasiria, akafunga kitabu. Ni vyombo vichache vilivyotendewa hivyo kuliko Pete iliyomo katika The Lord of the Rings, kazi ya J.R.R. Tolkien iliyochapishwa London kwa juzuu tatu kati ya Julai 1954 na Oktoba 1955. Pete hiyo imesemwa kuwa ni bomu la nyuklia, mara ni mashine, mara ni dola, mara ni mamlaka kwa jumla. Makala haya yanashikilia kwamba majawabu hayo, hata yale yenye chembe ya ukweli, yanapuuza jambo moja la kihistoria: Pete haikuzaliwa ikiwa chombo cha kufisidi. Ilipojitokeza kwa mara ya kwanza mwaka 1937 ilikuwa kifaa cha ngano kisichomdhuru mwenye kukitumia. Maana yake ya baadaye ilipatikana polepole, kwa kuandika na kuandika upya, hadi mwandishi akalazimika kurudi nyuma na kukigeuza kitabu ambacho tayari kilikuwa mikononi mwa wasomaji. Namna alivyokigeuza inadhihirisha, kuliko orodha yoyote ya ishara na maana zake, jinsi ufisadi wa chombo hicho unavyofanya kazi.

Pete zenye nguvu ni za kale katika fasihi za dunia, na tofauti zake ni muhimu kwa hoja hii. Wasikilizaji wa hadithi za pwani ya Afrika Mashariki wanaijua pete ya Nabii Suleiman iliyowatiisha majini, na wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanaijua pete ya Aladini ambayo ikisuguliwa hutokea jini na kuuliza haja ya bwana wake. Katika hadithi za aina hii pete ni mtumwa. Humtii aliye nayo, awe mwema awe mwovu. Ikiibwa, nguvu humfuata mwizi, na ikirudishwa humrudia mwenyewe. Hakuna moyo unaogeuka kwa sababu tu kidole kimeingia katika pete. Hata ile sindano ya shaba iliyomwangamiza Fumo Liyongo haikumpotosha mtu: kilichompotosha mwanawe ni ahadi ya cheo na ya kuozwa binti wa mfalme, na sindano ilikuja baadaye kuwa zana tu ya kutimizia tendo lililokwisha kukubaliwa moyoni.

Plato anaikaribia zaidi fikra ya ufisadi. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri, Glaucon anasimulia kisa cha mchungaji wa Lydia aliyeshuka katika ufa uliofunguliwa na tetemeko la ardhi, akavua pete ya dhahabu kutoka kwa maiti, akagundua kwamba akiigeuza kito chake upande wa ndani haonekani tena na watu. Haukupita muda akawa amemtongoza malkia, amemuua mfalme na kukitwaa kiti chake. Hata hivyo, hoja ya Glaucon si kwamba pete ilimharibu mchungaji. Hoja yake ni kwamba pete ilimwondolea hofu ya kuonekana, na uovu uliokuwa umefungiwa ndani ukatoka nje. Fasihi ya kale ya Wanordiki, ambayo Tolkien aliijua kwa undani kuliko ya Wayunani, inashika njia nyingine. Andvari anayenyang'anywa pete yake anailaani, na laana hiyo inamfuata kila anayeirithi hazina: Fafnir anamuua babaye Hreidmar, na damu haikomi hapo. Huko ubaya umo katika laana, na humfikia mtu kutoka nje kama maradhi.

Richard Wagner, ambaye tamthilia zake nne za muziki ziitwazo Der Ring des Nibelungen zilionyeshwa kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza huko Bayreuth mnamo Agosti 1876, aliongeza jambo zito: pete inayompa mwenyewe utawala wa ulimwengu, na ambayo haiwezi kufuliwa ila na mtu aliyeukana upendo. Tolkien hakupenda kulinganishwa naye, na alipata kusema kwamba pete hizo mbili zilikuwa za mviringo na kufanana kwao kuliishia hapo. Kauli hiyo haifai kupokewa kama hukumu. Mwandishi aliyechoshwa na ulinganishi si shahidi mwema wa nasaba ya kazi yake, na fikra ya pete ya kuitawala dunia ni ya Wagner zaidi kuliko ya vyanzo vya Kinordiki ambavyo wote wawili walivichota. Lakini hata kwa Wagner ufisadi unatangulia pete: Alberich anauza moyo wake kwanza, ndipo afue.

Ukirejelewa urithi huo wote, pete ya The Hobbit ya 1937 inaonekana wazi kuwa ni ya ukoo wa pete ya Aladini. Bilbo Baggins, hobiti mpenda starehe, anaipapasa gizani katika mapango ya milimani na kuitia mfukoni. Baadaye inamfanya asionekane, anawaponyoka maadui, anawaokoa wenziwe kutoka kwa mabuibui na kutoka gerezani, kisha anarudi nyumbani na kuitumia kujificha wanapokuja wageni asiowapenda. Haimgharimu chochote. La kustaajabisha zaidi kwa anayezijua chapa za baadaye pekee ni mwenendo wa Gollum katika sura ya tano ya chapa hiyo ya kwanza. Wawili hao wanashindana kwa vitendawili, na Gollum anaahidi kumpa Bilbo zawadi akishindwa. Anaposhindwa, anakwenda kwa uaminifu kuitafuta pete yake ili aitoe! Anapoikosa anaomba radhi tena na tena, na badala ya zawadi anakubali kumwonyesha mshindani wake njia ya kutokea. Wanaagana bila uadui. Kiumbe anayekuwa tayari kuitoa pete kwa hiari, kwa kulinda heshima ya mchezo, hawezi kuwa mtumwa wa pete hiyo.

Kitabu kilipopata wasomaji, mchapishaji Stanley Unwin alitaka mwendelezo, na Tolkien akaanza kuuandika Desemba 1937. Rasimu za miaka hiyo zilihaririwa na mwanawe Christopher katika juzuu kadhaa, ya kwanza ikiwa The Return of the Shadow ya 1988, nazo zinamwonyesha mwandishi asiyejua aendako. Shujaa wake aliitwa Bingo. Mgeni wa ajabu atakayekuja kuwa mfalme alikuwa bado hobiti aliyevaa viatu vya mbao. Pete ilichukuliwa kwa sababu ya kawaida kabisa: ndiyo iliyokuwa kamba pekee ya kukifungia kitabu kipya na cha zamani. Katika maandishi ya mwanzoni Tolkien anajiuliza ilitoka wapi, anakisia kwamba huenda ilikuwa ya yule mchawi aliyetajwa kwa kupita tu katika The Hobbit, kisha anaandika kwamba si ya hatari sana ikitumiwa kwa jambo jema. Sentensi hiyo ina thamani kubwa kwa historia ya ishara hii, kwa kuwa kazi nzima iliyofuata ni ya kuikanusha. Mwandishi alianza na fundisho la ngano, kwamba chombo ni chema mkononi mwa mwema, akaishia na kinyume chake: kwamba nia njema ndiyo mlango ambao Pete huupenda zaidi.

Ugeuzi huo unaonekana katika sura ya pili ya kitabu kikubwa, ambayo kwa maelezo ya Tolkien mwenyewe ni miongoni mwa sehemu zilizoandikwa mapema zaidi. Gandalf anamweleza Frodo asili ya Pete, akaitupa motoni sebuleni ili maandishi yake yajitokeze. Baadaye Frodo anaambiwa ajaribu kuiangamiza. Anaitoa akiwa amekusudia kuirusha penye makaa makali zaidi, anasitasita, anaitazama uzuri wake, kisha anafanya juhudi kana kwamba anaitupa, na anagundua kwamba ameirudisha mfukoni. Hakuna laana iliyotamkwa wala jini aliyetokea. Pana mkono uliokwenda kinyume na nia, na mtu ambaye hakujua hadi tendo lilipokwisha. Mapigano yote makubwa ya juzuu zinazofuata hayaongezi ufafanuzi mkubwa juu ya Pete kuliko tendo hilo dogo la mfukoni.

Tatizo la kitaaluma, na hata la kibiashara, likazuka. Ikiwa Pete ni ya namna hiyo, Gollum wa 1937 hawezekani. Mnamo 1947 Tolkien alimpelekea mchapishaji sura ya tano ikiwa imeandikwa upya, kama mfano tu wa namna mambo yangeweza kurekebishwa. Hakupata jibu la wazi. Miaka mitatu baadaye alishangaa kuletewa karatasi za kusahihisha zikiwa na sura hiyo mpya, na baada ya kutafakari akaikubali. Chapa ya pili ya The Hobbit ilitoka mwaka 1951. Humo zawadi imetoweka, na anachoahidi Gollum ni kuonyesha njia tu. Anaporudi kisiwani mwake kusudi lake ni kuivaa pete, amvamie mgeni bila kuonekana na kumla. Anapoikosa anapiga mayowe ya aliyefiwa, na Bilbo anakimbia huku akifuatwa na laana za chuki ya milele.

Mwandishi wa kawaida angeishia hapo na kuiacha chapa ya zamani ife rafuni. Tolkien alifanya jambo la kijanja zaidi. Katika maelezo yaliyoambatishwa kwenye chapa ya 1951, na kwa urefu zaidi katika utangulizi wa simulizi wa The Lord of the Rings, alikiri kwamba masimulizi mawili yapo, akayapa yote mawili nafasi ndani ya ulimwengu wa hadithi. Lile la 1937 ni uongo wa Bilbo. Ndivyo alivyowasimulia wenziwe na ndivyo alivyoandika katika kumbukumbu zake, kwa kuwa alitaka pete ionekane kuwa ni haki yake, zawadi aliyoishinda na wala si kitu alichookota cha mwingine. Bilbo alikuwa mtu mkweli, na Gandalf alianza kuishuku pete kwa sababu ya uongo huo. Sadfa ya kihistoria, yaani kosa la upatanifu kati ya vitabu viwili, imefanywa kuwa dalili ya ugonjwa. Wasomaji walioinunua chapa ya kwanza walikuwa wameshika mikononi mwao, kwa miaka kumi na minne, ushahidi wa athari ya Pete bila ya mtu yeyote kujua, wala mwandishi mwenyewe. Ni nadra katika historia ya riwaya kupata msimulizi asiyeaminika aliyezaliwa kwa njia hiyo, kutokana na ulazima wa kusahihisha.

Kutokana na hili tabia ya kwanza ya Pete inabainika. Kabla ya kumfanya mtu muuaji, humfanya atafute uhalali. Sméagol, ambaye ndiye Gollum kabla ya kuharibika, alimnyonga rafikiye Déagol kwa ajili yake, na tangu hapo akaiita zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Bilbo aliiita zawadi ya ushindi. Wote wawili wamelichagua neno hilohilo. Sura mpya ya 1951 ilileta pia jambo ambalo halikuweza kuwapo katika ile ya kwanza: Bilbo, akiwa haonekani na upanga mkononi, anapata nafasi ya kumuua Gollum, lakini anaingiwa na huruma na kumruka juu. Huruma hiyo ni zao la marekebisho sawa na ulivyo ufisadi, na mwisho wa hadithi nzima unaitegemea.

Mwaka huohuo wa 1951 ndio uliotoa Kusadikika ya Shaaban Robert, na ulinganishi mfupi unaweza kufaa hapa. Kusadikika imesomwa kwa miongo mingi kama istiara ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo una mashiko, kwa sababu nchi ile inayoelea hewani na baraza lake la mashtaka vimeundwa ili vielekeze nje ya kitabu, kwenye hali ambayo mwandishi hakuwa huru kuitaja. Kuisoma Pete kwa njia hiyohiyo ni kuikosea. Fasiri ya bomu ilianza mapema mno baada ya 1954, na Tolkien aliijibu katika dibaji ya chapa ya pili, iliyoandikwa katikati ya miaka ya 1960. Alitofautisha istiara, ambayo ni mwandishi kumtawala msomaji, na uwezekano wa msomaji mwenyewe kuihusisha hadithi na maisha yake. Kisha akaonyesha, kwa kejeli kidogo, hadithi ingekuwaje kama ingefuata vita halisi: Pete ingetekwa na kutumiwa dhidi ya Sauron, ngome yake ingekaliwa, na mahobiti wangedharauliwa na pande zote mbili.

Nyakati pia zinapinga fasiri ya bomu. Mnamo Mei 1944, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Hiroshima, Tolkien alimwandikia Christopher, aliyekuwa katika mafunzo ya jeshi la anga huko Afrika Kusini, akilalamika kwamba upande wao ulikuwa unajaribu kumshinda Sauron kwa kutumia Pete, na kwamba adhabu ya kufaulu itakuwa kuzaa akina Sauron wapya. Hapa Pete ndiyo inayotumiwa kuifasiria vita. Vita haviifasirii Pete. Anayeandika hivyo alikuwa amepigana Somme mwaka 1916, na hakuhitaji silaha mpya ili ajue jinsi walio upande wa haki wanavyoweza kufanana na adui wao.

Wanaojaribiwa na Pete hawatamani kitu kimoja. Boromir anataka kuulinda mji wa baba yake, na Pete inamwonyesha majeshi na ushindi. Galadriel, malkia wa msitu aliyekwisha kuishi karne nyingi, anajiona malkia anayependwa na kuogopwa na wote badala ya Bwana wa Giza. Gandalf anakataa hata kuishika, akieleza kwamba ingemjia kwa njia ya huruma yake na hamu ya kuwatendea mema wanyonge. Katika barua ya 1963 Tolkien alikwenda mbali zaidi: Gandalf akiwa na Pete angekuwa mbaya kuliko Sauron, kwa kuwa angetawala kwa uadilifu wa kujiona ana haki, na wema wenyewe ungeanza kuchukiza. Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Sam, mtunza bustani. Anapoichukua Pete mpakani mwa nchi ya adui, anajiona shujaa anayetembea na upanga wa moto, na jangwa la majivu likigeuka kuwa bustani ya maua na miti ya matunda kwa amri yake. Anaokolewa na akili ya kawaida, kwamba yeye anahitaji bustani moja ndogo ya kulima kwa mikono yake, wala si bustani iliyovimba ikawa milki ya kulimwa kwa mikono ya wengine. Kila mmoja amepewa alichokipenda, kikiwa kimekuzwa hadi kikaharibika. Tom Bombadil, asiyetaka kumtawala yeyote, anaivaa na anaendelea kuonekana, kisha anaichezea kama gololi. Pete isiyo na la kukuza ni kipande cha dhahabu.

Je, basi ubaya umo ndani ya mtu au ndani ya Pete? Tom Shippey, katika The Road to Middle-earth ya 1982, ameonyesha kwamba Tolkien aliziweka pamoja fikra mbili zisizopatana: ile ya Boethius, kwamba uovu ni upungufu wa wema na hauna kuwapo kwake wenyewe, na ile ya Mani, kwamba uovu ni nguvu halisi inayopigana na wema. Katika nyumba ya wageni ya Bree Pete inajikuta kidoleni mwa Frodo anapoanguka kutoka mezani, na msimulizi hasemi ikiwa ilijivika au alijisahau. Shippey amebainisha pia kwamba kauli ya Lord Acton ya 1887, ya kwamba mamlaka huelekea kufisidi, ni ya kisasa kuliko inavyodhaniwa. Watu wa zamani walielekea kuamini kwamba mamlaka humfichua mtu alivyo, kama pete ya Glaucon. Kwa maana hiyo Tolkien, anayesemwa kuwa alikimbilia zama za kale, ameijaza pete ya kale fikra ya karne mbili za mwisho. Edmund Wilson, aliyemkejeli katika The Nation mwaka 1956 kuwa ni mwandishi wa watoto aliyezidisha urefu, hakuliona hilo.

Swali la ndani au nje halijibiwi hata kwenye kilele. Frodo anafika ukingoni mwa moto, mahali pekee Pete inapoweza kuyeyuka, na hasemi kwamba ameshindwa. Anasema kwamba hachagui kulifanya aliloendea, kisha anaivaa. Lugha ni ya uchaguzi ilhali hali ni ya mtu aliyekwisha kunyang'anywa uwezo wa kuchagua, na barua ileile ya 1963 inamtetea kwa hoja kwamba hakuna ambaye angeweza kustahimili nguvu hiyo hapo, baada ya mateso yale. Kinachoiangamiza Pete ni Gollum, anayekikata kidole kwa meno na kuanguka nayo motoni. Yupo hai kwa sababu ya huruma ile iliyoingizwa katika sura ya tano kati ya 1937 na 1951.

Hadithi hairidhiki na kuangamia kwa chombo. Mwezi Machi wa mwaka uliofuata Frodo anakutwa kitandani akiwa kama yu katika njozi, amekishika kito cheupe kilichoning'inia shingoni mwake, akisema kwamba imekwenda moja kwa moja na kwamba kila kitu sasa ni giza na utupu. Hajutii maovu ya Pete, anaililia yenyewe. Na kabla ya hapo, katika safari ya kurudi, anapomtembelea Bilbo aliyekwisha kuzeeka na kupoteza kumbukumbu, mzee huyo anasinzia, anazinduka, na kumuuliza kimepatwa na nini kile kipete chake alichokichukua. Frodo anamjibu kwamba amekipoteza, ameachana nacho. Bilbo anaona ni hasara. Alipenda akione tena mara moja, anasema, kisha anakumbuka kwamba ndiyo safari yenyewe ilivyokuwa imekusudiwa, na mazungumzo yanahamia jambo jingine.